Kabla hujailaumu .458, pima kitako

Wadogo zangu, nimekaa kimya vya kutosha. Kila kundi jipya likifika uwanja wa shabaha na bunduki nzito za kuwindia wanyama wakubwa, mazungumzo ni yaleyale ya kaliba, yaani ukubwa wa risasi kwa inchi: nani anapiga .416, nani amehamia .458, nani anaiota .500. Haipiti saa moja utamkuta mmoja kashika shavu, wa pili ananyonya kidole cha kati, na wa tatu ana mwezi mchanga wa damu juu ya nyusi huku akiapa kwamba darubini ilimfuata yenyewe. Jioni wote wanakubaliana kwamba mkosaji ni kaliba. Kesho yake huyu ananunua mpira mnene wa kuvisha kitakoni, ile mbao inayokaa begani, yule anafunga kwenye mdomo wa mtutu breki ya kupunguza teke, na wa tatu anatafuta mteja. Hakuna hata mmoja aliyeshika utepe wa kupimia.

Sisemi .458 ni bunduki ya mchezo. Ina teke, ule msukumo wa kurudi nyuma inapolia, na litabaki kuwa teke. Ninachosema ni kwamba nusu ya maumivu mnayoyabeba hayatoki kwenye baruti. Yanatoka kwenye mbao iliyochongwa kwa ajili ya mtu mwingine, mwenye mikono mingine na shingo nyingine, ambaye huenda hakuwahi kulenga kwa darubini maishani mwake. Haya ninayoyaandika niliyajua nikiwa nimeshachelewa, na kuchelewa kwangu kulimgharimu mtu. Nitafika huko.

1. Hesabu ya teke mnaijua, ila haijui mwili wako.

Bunduki ya .30-06 ya kilo 3.6 yenye risasi ya greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) inarudi na karibu jouli 28. Panda hadi .375 H&H, greni 300, bunduki ya kilo 4.1: unakuta karibu jouli 50. Weka .458 Winchester Magnum ya greni 500 katika uzito huohuo, unavuka 80. Kwa upande wa kasi, ya kwanza inakurudia kwa karibu mita 4 kwa sekunde, ya pili 5, ya tatu zaidi ya 6. Kasi hiyo ndiyo inayofanya .458 ionekane kali na si nzito tu.

Lakini jedwali hilo linachukulia kwamba bunduki inaelea hewani, haijashikwa na mtu. Halijui kwamba una mabega membamba au kwamba unainua kichwa ili uone ndani ya darubini. Jouli 80 zinaweza kuenea kwenye bega zima na kuusukuma mwili mpaka ukapiga hatua nyuma ukicheka. Jouli 80 hizohizo zikipitia ncha ya chini ya kitako na mfupa wa shavu, hutacheka.

Fikirini jinsi nguvu inavyosafiri. Inarudi kwa mstari wa mtutu, na bega linaizuia mahali palipo chini ya mstari huo. Nguvu ikisukuma juu na kizuizi kikiwa chini, bunduki haina budi kuzunguka: mdomo unapanda, na mgongo wa kitako, ule ukingo wa juu unaolazwa shavu, unapanda pamoja nao hadi shavuni. Kadiri kisigino cha kitako, yaani ncha yake ya juu nyuma, kilivyoshuka, ndivyo mzunguko unavyokuwa mkubwa. Kitako kilichonyooka kinakurudisha nyuma tu. Kilichoshuka sana kinakurudisha nyuma na kukupiga konde la taya papo hapo.

Jambo jingine ambalo wapya hawaliamini: wakati risasi inatoka mdomoni, bunduki imesogea milimita chache tu. Sehemu kubwa ya teke inakufikia risasi ikiwa imeshaondoka. Kwa hiyo shabaha yako haiharibiwi na teke, inaharibiwa na wewe unavyolisubiri.

2. Soma michubuko yako.

Mnaificha kama vile ni aibu. Mnavaa shati la mikono mirefu, mnasema hamjambo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Vua shati, simama mbele ya kioo, uangalie vizuri, kwa sababu mwili umeshakuandikia taarifa ya fundi.

Mchubuko ukiwa kwenye mkono, pale msuli unapoanzia nje ya kiungo cha bega, kitako ni kirefu au unasimama ubavu mno, hivyo kimeshindwa kuingia kwenye shimo la bega. Ukiwa chini, karibu na kifua, umbo la duara dogo jeusi, ni ncha ya chini ya kitako inayochimba. Mwinamo wa bamba la nyuma, lile linalogusa bega, haulingani na kifua chako. Alama ndefu nyembamba inakuambia bamba ni jembamba, na mbao haitapanuka kwa maombi. Shavu likivimba chini ya jicho, tazama mgongo wa kitako. Pua ikigongwa na dole gumba, kitako ni kifupi, au umelala mbele mno. Nyusi ikichanika, darubini iko karibu mno, na mara nyingi kitako kifupi ndicho kilichokufikisha hapo. Kidole cha kati kikivimba nyuma ya pete inayokinga triga, shingo ya kitako, pale mkono unaposhika, imepinda mno kwa mkono wako au unashika kilegevu.

Kuna alama moja ambayo watu huisahau: mkato kwenye mkono wa kushoto. Tazama bunduki nzito za zamani zilizotengenezwa na watu wenye akili, utaona kishikizo cha mkanda cha mbele kimefungwa kwenye mtutu, mbele ya mbao, si chini ya mbao. Si urembo. Kikiwa chini ya mbao, bunduki inaporudi kinapita kwenye vidole vyako.

Kila mkitoka uwanjani, andikeni alama iko wapi na ulikuwa umesimama, umekaa au umelala. Baada ya muda mfupi utakuwa na ramani ambayo hakuna fundi anayeweza kukuchorea.

3. Aliyeambiwa ni mwoga.

Hili ningependa kuliruka. Siwezi, maana juzi nimemsikia mmoja wenu akimwambia mwenzake maneno yaleyale niliyoyasema mimi.

Nilikuwa nafundisha kundi la vijana kwa .458 yangu. Kitako chake kilichongwa kwa ajili yangu: mikono yangu ni mirefu, na mwanzoni nililenga kwa vilengeo vya chuma, kwa hiyo mgongo wake ulikuwa chini. Baadaye macho yalipoanza kunisaliti nikafunga darubini juu. Kitako sikukigusa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazoea kukaza shingo na kuning'iniza kidevu, na sikujua kwamba nafanya hivyo. Nikampa bunduki hiyo kijana mwenye mikono mifupi na shingo ndefu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walishasema, ila mimi nilikuwa mwalimu na walimu huwa hawakumbuki methali zinapowahusu wao.

Alipiga ya kwanza, akashika taya. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, inanipiga shavuni."

Nikamjibu, "Bunduki haipigi shavuni, inapiga begani. Ishike vizuri."

Jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi. Mtu ananiambia kitu kilichompata kwenye uso wake mwenyewe, nami namwambia hakikumpata. Akapiga tena. Safari hii aliuondoa uso mbali zaidi na mbao, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Kumbe kuuondoa uso ni kuipa mbao nafasi ya kuchukua kasi kabla haijakufikia. Ikampiga vibaya kuliko mwanzo. Nikamhubiria kuhusu pumzi. Nikamhubiria kuhusu mguu wa mbele. Nikamtania, na wenzake wakacheka, na mimi nikaona wakicheka maana yake somo limeeleweka.

Risasi zake zikaanza kuanguka chini ya karatasi. Nikafanya kile tunachokifanya wote: nikampakilia mwenyewe bila yeye kuona, nikachanganya risasi za kweli na za mazoezi zisizo na baruti. Akavuta triga kwenye ile isiyolia, mdomo wa mtutu ukazama chini mbele ya kila mtu. Nikasema kwa sauti ya ushindi, "Unaona? Tatizo ni wewe."

Risasi ya mazoezi ilikuwa imesema kweli, ila mimi niliiongezea maneno. Inaonyesha kwamba mtu anaogopa. Haionyeshi kwamba hana sababu. Nami, badala ya kutafuta sababu, nikampa risasi zaidi ili azoee. Wadogo zangu, hakuna anayezoea kupigwa mfupa wa shavu. Anachozoea ni kufumba macho mapema zaidi. Mwisho wa mafunzo nikaandika kwamba hafai kwa bunduki nzito, na kwa mdomo nikaongeza neno "mwoga", mbele za watu ambao alikuwa afanye nao kazi.

Aliyenifumbua macho ni fundi bunduki mmoja aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Kijana mwingine alikuwa kwenye mstari na .458 ileile. Mimi nilisimama nyuma yake kama siku zote, natazama karatasi. Fundi akasimama ubavuni, anamtazama mtu. Baada ya risasi moja akaniita, akanivuta hadi pale alipokuwa amesimama. "Angalia shavu," akasema. Nikaangalia. Kijana alikuwa tayari, kidole kwenye triga, na kati ya shavu lake na mbao palikuwa na uwazi unaopitisha vidole viwili. Mwanga ulikuwa unapita. Miaka yote hiyo nilikuwa nafundisha watu kulaza shavu kwenye mbao ambayo shavu haliwezi kuifikia na jicho likabaki kwenye darubini. Ilibidi wachague kimoja, na wote walichagua kuona.

Fundi akaomba kipande cha godoro gumu la kulalia na utepe wa kufungia mabomba. Akaujenga mgongo wa kitako mpaka jicho la yule kijana likakaa katikati ya darubini bila kuitafuta. Akampa risasi. Kijana akapiga, akanyamaza, akapiga nyingine, akageuka kuuliza kama tumembadilishia baruti.

Nilimtafuta yule wa kwanza. Alikuja, nikamkabidhi bunduki ikiwa na mgongo mpya na kitako kilichokatwa, nikamweleza kila kitu mbele ya walewale waliocheka. Akapiga. Ikamkaa. Akanirudishia bunduki bolti, lile komeo la kupakilia, ikiwa wazi, kama nilivyomfundisha, akashukuru, akaenda zake. Kufumba macho kulimchukua muda mrefu kuacha, na kuna siku kunamrudia mpaka leo. Hofu ya namna hiyo ikishaingia kwenye kope haitoki kwa kuombwa radhi.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza kuwafundisha wenzenu: simameni ubavuni. Karatasi haikimbii, mtaiangalia baadaye.

4. Darubini na mgongo wa kitako.

Nimeshalisema hapo juu, ila kuna watu watasoma namba tu. .416 Rigby ilitoka 1911, .375 H&H ikafuata 1912, na vitako vya enzi hiyo vilichongwa kwa vilengeo vya chuma vilivyokaa chini karibu na mtutu. Bunduki nyingi mnazorithi au kununua zikiwa zimeshatumika, hasa za mitutu miwili, zina damu hiyo. Ukipandisha darubini sentimita kadhaa juu ya mtutu bila kupandisha mgongo, umemwondoa mwenye bunduki kwenye mbao yake. Fungeni darubini chini kadiri pete zinazoishikilia zinavyoruhusu, kisha inueni mgongo kufuata jicho.

Pandisheni kwa majaribio kwanza, kwa godoro na utepe kama yule fundi, mpige nayo kwa muda kabla hamjagusa mbao. Na kabla ya kushangilia, vuta bolti hadi mwisho. Nimeona mtu amejijengea mgongo mzuri wa kupendeza halafu bolti ikagonga utepe katikati ya safari, ikabidi aivute kwa mikono miwili. Mbele ya nyati hilo si jambo la kuchekesha, ingawa pale uwanjani tulicheka.

Mgongo wenyewe usishuke kuelekea nyuma kama mteremko. Ukishuka kuelekea nyuma, kila milimita bunduki inayorudi inakuletea sehemu ya mbao iliyo juu zaidi. Vitako vya Weatherby watu huvitania kwa umbo lao la mashindano ya urembo, lakini mgongo wao unashuka kuelekea mbele kwa sababu hiyo: bunduki ikirudi, mbao inaliacha shavu. Mimi umbo lile silipendi hata kidogo. Shavu langu linalipenda.

5. Urefu.

Kile kipimo cha kuweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kama kidole kinafika kwenye triga, sahauni. Kinapima mkono wa mbele peke yake; shingo, kifua na mabega hakivijui. Hakikisha bunduki haina kitu, hakikisha tena, ipandishe begani, weka shavu, kisha mwenzako aangalie nafasi kati ya dole gumba na pua. Vidole viwili hadi vitatu, uko salama. Bunduki nyingi za dukani zina kati ya sentimita 34 na 36 kutoka kwenye triga hadi nyuma ya kitako, na kiwanda hakikukuuliza una kimo gani.

Vaa nguo utakazowindia. Nimeona kijana amepimwa akiwa na fulana, halafu akaja asubuhi ya baridi na koti nene na mkoba wa risasi uliopita juu ya bega, akashangaa kitako kinanasa kwapani. Mwaka mzima alikuwa anajisifu kwamba bunduki yake imepimwa na fundi. Ilipimwa kweli.

Kwa bunduki nzito, kosea upande wa ufupi kidogo kuliko urefu, ilimradi darubini iwe na nafasi. Kitako kirefu kinanasa, kinakaa kwenye mkono badala ya bega, na kinakulazimisha unyooshe mkono wa triga mpaka unashindwa kuivuta bunduki kwako. Lakini "kidogo" ni kidogo. Wapo wanaokata kama wanakata kuni. Na mkumbuke kulala chini au kulenga juu ya kilima kunausogeza uso mbele; urefu uliokufaa ukiwa umesimama unaweza kukuchana nyusi ukiwa umelala. Jaribuni mikao yote bila risasi kwanza.

6. Mpira.

Mpira mzuri wa kitako ni pesa iliyotumika vizuri. Mpira mnene uliovishwa juu ya kitako ambacho tayari ni kirefu ni pesa ya kununua mchubuko mpya. Mbao ikatwe, mpira uchukue nafasi yake, urefu ubaki uleule. Upana ni muhimu kuliko unene: eneo likiwa kubwa, nguvu ileile inagawanyika, na bega linaipokea bila kelele. Zile bamba nyembamba za chuma, hasa zilizopinda kama mundu kwenye bunduki za zamani zinazokokiwa kwa mtaimbo ulio chini ya triga, ziacheni ukutani.

Ukingo wa juu wa mpira uwe umelainishwa au umefungwa ngozi. Mpira unaong'ang'ania shati ndio uliomfanya ndugu yetu mmoja apige risasi ya .375 huku kitako kikiwa kimeishia kwenye mfupa wa mtulinga. Alivyosimulia ilikuwa hadithi ya ushujaa. Alivyotembea haikuwa.

7. Kupinda pembeni na mambo ya mkono wa kushoto.

Vitako vingi vizuri vimepindishwa kidogo kwenda kulia ili uso wa mtu wa mkono wa kulia ukae kwenye mstari wa kulenga bila kuegemeza kichwa. Mtu wa kushoto akiichukua bunduki hiyo, mbao inamjia badala ya kumkwepa. Tulikuwa na mwenzetu wa mkono wa kushoto ambaye kwa miaka aliitwa "shavu laini". Siku alipopata kitako kilichonyooka akawa anatushinda wote kwa bunduki nzito, na sasa anatuita sisi majina ambayo siwezi kuyaandika.

Jaribio la haraka: fumba macho, pandisha bunduki tupu begani ulivyozoea, fumbua. Jicho likikuta vilengeo viko mahali pake, kitako ni chako. Ukihitaji kusogeza kichwa, si chako bado.

Dada zetu, na yeyote mwenye kifua kipana: mwambieni fundi aipunguze na kuiinamisha mbali ncha ya chini ya kitako. Ni kazi ndogo yenye tofauti kubwa kuliko mpira wowote, na msikubali kuambiwa ni suala la kuzoea.

8. Ya haraka haraka, maana najua mmeshachoka.

Shikeni kwa nguvu, mkono wa kulia uivute bunduki begani na wa kushoto uzuie mdomo kupanda. Bunduki iliyoshikwa kilegevu inachukua mbio kabla ya kukufikia. Uzito uelekee mguu wa mbele. Vaeni vizuizi vya masikio, vyote viwili, kwa sababu nusu ya kushtuka kwenu ni mshindo na si teke. Breki ya mdomoni inapunguza teke kweli, lakini msaka nyayo aliyesimama pembeni yako anailipia kwa masikio yake. .458 iliyo chini ya kilo 4 ni ubahili, ongezeni uzito kwa marisau (vidonge vidogo vya risasi) au tyubu ya zebaki ndani ya kitako kisha mwangalie kama bunduki bado inasimama vizuri mikononi. Kazeni skrubu za mtambo, kile chuma kinachobeba bolti na mtutu, kabla ya kila safari. Risasi nzito chache kwa siku, na mazoezi mengine yote kwa .22 yenye kitako cha vipimo vilevile.

9. Mezani.

Kukaa kwenye meza ya shabaha na bunduki nzito ndiyo namna mbaya kuliko zote ya kuijua. Umejikunja, kiuno hakiwezi kurudi nyuma, bega limesukumwa mbele, na teke lote linaishia hapohapo. Bunduki ambayo ukiwa umesimama ingekusukuma hatua moja, mezani inakupiga mfupa. Kisha mnarudi mkisema haivumiliki. Linganisheni vilengeo na pale risasi inapopiga mkiwa mmesimama, mbao ya mbele ikiegemea kitu kirefu chenye mfuko wa mchanga. Ni hapohapo mtajua pia kama kitako kinawafaa, kwa sababu mezani mtu anajikunja mpaka kitako chochote kinamfaa.

Na msiende kwenye kinyume chake. Kuna mmoja, jina nalihifadhi kwa sababu ni mkubwa kuliko mimi, alichoka na teke akanunua kile kitanda cha kushikilia bunduki mezani, akakijaza mifuko ya marisau mpaka meza ikalalamika. Bega lake halikuguswa kabisa. Alifurahi sana. Risasi ya tatu au ya nne, mbao ikapasuka kwenye shingo, kutoka nyuma ya mtambo hadi karibu na pete ya triga. Nguvu ambayo bega lake lingeipokea kwa kurudi nyuma ilikosa pa kwenda, ikaingia kwenye mbao. Tulipoifungua tukakuta kibago cha chini ya mtambo, kile kinachobeba teke, kilikuwa kimekaa vibaya ndani ya mbao tangu siku ya kwanza, hivyo mkia wa mtambo ndio uliokuwa unapigilia mbao kila risasi. Kwa hiyo mkimpelekea fundi bunduki kwa ajili ya urefu au mgongo, mwambieni aitoe yote kwenye mbao, aangalie jinsi kibago kilivyokaa, na aone kama pale kwenye shingo hakuna nyufa za nywele. Ni palepale anapofungua skrubu, haimwongezei kazi.

10. Siku ya kukata.

Usikate kwa sababu ya risasi za siku moja. Usikate ukiwa na hasira. Weka alama kwa utepe, piga nayo, badilisha, piga tena. Fundi akate kwa mwinamo uliopimwa begani kwako, si kwa pembe ya msumeno alioukuta mezani. Akate kidogo kuliko mlivyokubaliana, mjaribu, ndipo amalizie, kwa sababu kukata tena ni dakika chache na kuongeza mbao ni wiki kadhaa za kulinganisha rangi. Na kile kipande kilichokatwa mwombe akupe, ukitunze pamoja na sanduku la bunduki. Ukiiuza, mnunuzi mwenye mikono mirefu atakuuliza kipo wapi.